Kutoka Kifusi Hadi Kokoto: Jinsi Picha Inavyosaidia Kupima Ubora

Kamati nyingi za ujenzi katika sharika zetu zimefikia hatua ya kubomoa. Kanisa lililojengwa kwa ajili ya waumini wachache limekuwa dogo, nyumba ya mtumishi imepasuka kuta, au darasa la zamani linapisha jengo jipya. Baada ya kubomoa hubaki rundo kubwa la kifusi, na swali linalofika katika ofisi ya miradi huwa lile lile: je, kifusi hiki tunaweza kukiponda kiwe kokoto, au tulipie lori likakitupe?

Jibu ni kwamba inawezekana kwa kazi fulani, wala si kwa kazi zote. Kinachoamua ni vitu vilivyomo ndani ya rundo. Katika toleo hili tunaeleza njia moja ya kulijua rundo kabla ya kulitumia, yaani kulipiga picha na kuzihesabu chembe zake kwa kompyuta. Wataalamu huiita njia hii uchambuzi wa picha. Tunaeleza inavyofanya kazi, mahali inapoweza kuisaidia kamati ya usharika, na mahali inapokoma. Tunawaandikia pia wafadhili wetu, kwa sababu gharama ya kokoto ni sehemu ya kila bajeti ya ujenzi wanayoletewa.

MWANZA INA MAWE, KWA NINI TUHANGAIKE NA KIFUSI?

Mgeni anayefika Mwanza na kuuona Mwamba wa Bismarck ukisimama majini, na nyumba zilizopandana juu ya vilima vya mawe, anaweza kutushangaa. Jiji hili linaitwa Jiji la Miamba. Iweje tukose kokoto?

Kokoto zipo, lakini zina gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Kwanza, nyingi hupondwa kwa nyundo na akina mama walioketi juani kutwa nzima, wakivuta vumbi la mawe. Vumbi hilo likivutwa kwa miaka mingi huleta ugonjwa wa mapafu usiopona. Pili, mawe yanayong'olewa kwenye miteremko ndiyo yanayoshikilia udongo ulio chini ya nyumba za watu. Tatu, mchanga na changarawe za ufukweni hazichukuliwi ovyo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nne, kwa sharika za visiwani kama Ukerewe, vifaa vingi vya ujenzi hupanda feri au boti kabla ya kufika kwa fundi, na nauli hiyo huongezwa kwenye bei.

Upande wa pili kuna kifusi chenyewe. Kikitupwa korongoni au kwenye mtaro, mvua hukisukuma hadi kinapoziba njia ya maji. Wakazi wa maeneo ya Mto Mirongo wanaelewa maana ya maji yanayokosa njia. Na kifusi hakipungui. Ziwa Victoria lilipojaa mwaka 2020, na tena mwaka 2024, maji yaliingia katika majengo yaliyokuwa karibu na ufukwe. Barabara zinapopanuliwa pia majengo hubomolewa. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilivunjwa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara jijini Dar es Salaam kuelekea Kibaha, ili kupisha upanuzi wa barabara.

Wakati huo huo mahitaji ya zege yanaongezeka. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na lililofunguliwa mwezi Juni 2025, ni zege ambalo kila mmoja wetu anaweza kuliona. Nyuma yake zipo shule, zahanati, maduka na nyumba zinazojengwa kila mwezi katika wilaya zetu.

KAZI ILIYOKWISHA KUFANYIKA NCHINI

Wazo la kutumia kifusi si geni duniani. Vita Kuu ya Pili ilipomalizika mwaka 1945, miji ya Ujerumani ilikuwa marundo ya matofali na zege. Wanawake wengi walisimama kwenye mistari, wakachambua kifusi kwa mikono, na sehemu yake ikarudishwa katika ujenzi wa miji hiyo hiyo.

Kwetu Tanzania, mwaka 2013 mtafiti Sabai na wenzake walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kuhusu kifusi cha majengo. Walichukua sampuli 8 za kifusi kutoka maeneo ya ujenzi na ubomoaji, wakaziponda na kuzichekecha, kisha wakafyatua tofali kwa mashine ya mkono. Hawakuchanganya na kokoto mpya hata kidogo. Kokoto na mchanga wote ulitoka kwenye kifusi. Baada ya siku 28 ndani ya maji, tofali zilipelekwa maabara zikapimwa kwa mashine ya kubana.

Matokeo yalikuwa haya. Tofali za kifusi zilikuwa dhaifu kuliko zile za kokoto za kawaida. Hata hivyo asilimia 85 ya tofali zilizopimwa zilifikia nguvu ya nyutoni 7 kwa kila milimita moja ya mraba, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachotakiwa nchini kwa tofali la kubeba mzigo.

Msomaji anaweza kufurahia hizo 85. Sisi tunawaomba wanakamati waziangalie pia zile 15 zilizobaki. Mjenzi hajui kwa macho ni tofali lipi liko upande gani. Taifa letu limekwisha kuona majengo yakianguka. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa liliporomoka katikati ya Dar es Salaam na kuua zaidi ya watu 30, na tarehe 16 Novemba 2024 jengo la Kariakoo liliporomoka na kuua zaidi ya watu 20. Hatusemi kwamba majengo hayo yalijengwa kwa kifusi. Tunasema kwamba katika ujenzi, kubahatisha kunaweza kulipwa kwa maisha ya watu. Ndiyo maana rundo lazima lijulikane kwanza.

KOKOTO YA KIFUSI INA TOFAUTI GANI?

Zege ni kokoto, mchanga, saruji na maji vilivyoshikana. Ukilivunja zege la zamani, hupati kokoto safi kama ilivyoingia. Unapata jiwe lililovaa koti la mota, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga. Koti hilo lina vitundu vidogo vidogo. Hunywa maji na huvunjika kirahisi kuliko jiwe la ndani.

Hapo ndipo matatizo mawili yanapoanzia. Kokoto ikinywa maji yaliyokusudiwa kwa saruji, zege huwa kavu, na fundi huongeza maji ili lichanganyike vizuri. Maji yakizidi, zege hudhoofika. Na hata fundi akiwa mwangalifu, lile koti hubaki kuwa sehemu dhaifu ndani ya zege jipya.

Tatizo la tatu ni mchanganyiko. Rundo la ubomoaji huwa na vipande vya zege la nguzo, tofali za saruji, tofali za kuchoma, ripu, jipsamu ya dari, vigae, vioo, mbao na udongo. Jipsamu ni adui wa saruji, mbao huoza, udongo huzuia kushikana. Kwa sababu hiyo Ulaya wanayo kanuni ya kugawa sampuli ya kokoto za kifusi katika makundi: zege na mota, mawe matupu, matofali, lami, vioo, na takataka nyingine. Mtu huketi mezani akaokota chembe moja moja na kuiweka katika kundi lake, kisha kila kundi hupimwa uzito. Ni kazi nzuri, lakini ni ya polepole, na watu wawili wanaweza kuhitilafiana.

PICHA INASAIDIAJE?

Kamera haichoki, na kompyuta huhesabu kwa kanuni moja kuanzia chembe ya kwanza hadi ya mwisho. Kazi yenyewe ina hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kupata sampuli ya kweli. Usiokote zilizo juu ya rundo. Chukua koleo kadhaa kutoka sehemu mbalimbali, juu, katikati na chini, uchanganye, utandaze, ugawe mafungu manne. Ondoa mafungu mawili yanayotazamana, changanya yaliyobaki, gawa tena, mpaka ubaki na kiasi cha ndoo moja. Picha nzuri ya sampuli mbaya ni uongo mzuri.

Hatua ya pili ni kuosha na kukausha. Vumbi la saruji hufanya kila kitu kiwe kijivu, hata tofali jekundu. Chembe yenye maji nayo hubadilika rangi.

Hatua ya tatu ni kupiga picha. Tandaza chembe juu ya kitambaa cha rangi moja isiyofanana nazo, kwa mfano bluu. Zisigusane wala kupandana. Weka rula pembeni. Simamisha kamera juu kabisa ikitazama chini, mahali penye mwanga wa kutosha pasipo kivuli kikali. Kamera ya simu ya siku hizi inatosha.

Hatua ya nne ni ya kompyuta. Zipo programu za bure kwa kazi hii. Mojawapo ni ImageJ, iliyotengenezwa katika taasisi za taifa za utafiti wa afya za Marekani na kutumiwa sana na watafiti wa fani nyingi. Picha yoyote ya kompyuta ni nukta ndogo ndogo zinazoitwa pikseli. Programu hutenganisha nukta za kitambaa na nukta za chembe, kisha hupima kila chembe. Rula ndiyo inayogeuza nukta kuwa milimita. Kama milimita 100 za rula zimechukua pikseli 1,000, basi kila pikseli 10 ni milimita 1, na chembe yenye upana wa pikseli 200 ina upana wa milimita 20.

Kutokana na hapo tunapata mambo matatu. Jambo la kwanza ni ukubwa: tunajua kama rundo lina mchanganyiko mzuri wa kubwa na ndogo, au lina kubwa tupu zitakazoacha mapengo. La pili ni umbo: kokoto iliyo karibu na mchemraba hupangika vizuri, lakini ndefu na bapa huvunjika na kudai saruji zaidi. La tatu ni rangi: tofali la kuchoma ni jekundu, lami ni nyeusi, jipsamu ni nyeupe, zege ni kijivu, na graniti ya kwetu ina madoa meupe na meusi yanayometameta.

Watafiti wameendelea mbele zaidi. Mwaka 2009 wataalamu wa Kanada walieleza njia ya kukata na kulainisha vipande vya kokoto za zege la zamani, kisha kutumia picha kupima ni kiasi gani cha mota kimebaki kwenye jiwe. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha La Rochelle, Ufaransa, walionyesha jinsi programu inavyoweza kufundishwa kwa maelfu ya picha za chembe zilizokwisha kutambuliwa na watu, mpaka iweze kuipanga yenyewe chembe mpya katika kundi lake. Inajifunza kama mtoto anavyojifunza kutofautisha sato na sangara: si kwa kupewa maelezo, bali kwa kuonyeshwa wengi.

MFANO WA HESABU

Tuchukue mfano wa kubuni ili kamati ione matumizi yake. Tuseme picha za sampuli zimetoa chembe 400. Kati ya hizo, 268 ni zege na mota (asilimia 67), 92 ni mawe matupu (asilimia 23), 32 ni tofali za kuchoma (asilimia 8), na 8 ni vioo, jipsamu na mbao (asilimia 2).

Kanuni za zege za Ulaya za mwaka 2013 zinalo daraja la juu la kokoto za kifusi. Miongoni mwa masharti yake, zege na mawe kwa pamoja viwe angalau asilimia 95, matofali yasizidi asilimia 10, na vioo pamoja na takataka nyingine visizidi asilimia 1. Rundo letu lina zege na mawe asilimia 90, na takataka asilimia 2. Limeshindwa mara mbili.

Sasa tuseme akina mama wanne wanalipwa kuchambua rundo hilo kwa mikono. Katika kila chembe 400 wanatoa tofali 24 na takataka 7. Zinabaki chembe 369. Zege na mawe ni 360, yaani karibu asilimia 98. Tofali zilizobaki ni 8, kama asilimia 2. Takataka ni 1, chini ya nusu ya asilimia moja. Kwa upande wa masharti haya matatu, rundo lile lile limefaulu.

Tunaomba wafadhili na kamati watazame vizuri mfano huu. Kompyuta haikuboresha hata chembe moja. Kilichoboresha rundo ni mikono iliyochambua. Kazi ya picha ni kuonyesha kama uchambuzi unahitajika, na baadaye kuthibitisha kwamba ulifanyika. Kwa hiyo bajeti inayotaja kokoto za kifusi bila kutaja malipo ya wachambuzi haijakamilika. Na mama anayepeleka rundo safi anastahili bei nzuri kuliko anayepeleka rundo chafu. Picha inampa ushahidi wa kudai haki yake.

PICHA HAIONI NINI?

Sasa tuje kwenye mipaka ya njia hii, maana mtu akiisahau mipaka hiyo, njia nzuri itamletea hasara.

Picha haioni unene. Chembe bapa hulala kifudifudi, na kutoka juu huonekana pana na nzuri. Kanuni za Ulaya huihesabu chembe kuwa ya umbo baya iwapo urefu wake unazidi mara 3 ya unene wake. Unene huo hupimwa kwa kifaa cha mkono kwenye chembe chache, au kwa kamera ya pili inayotazama kutoka ubavuni.

Picha haipimi uzito. Kanuni tulizozitaja hutumia uzito, wala si idadi, na tofali la kuchoma ni jepesi kuliko graniti. Hesabu ya picha ni makadirio. Inatosha kuamua kama rundo linafaa kuchambuliwa. Haitoshi kwa mhandisi kutia saini.

Picha huchanganya kijivu na kijivu. Hili ni muhimu sana kwa majengo yetu. Kuta nyingi za kwetu ni tofali za saruji na mchanga, na baadhi zilifyatuliwa kwa saruji haba. Chembe ya tofali hilo dhaifu na chembe ya mota ya nguzo imara zote ni kijivu. Kwa hiyo dawa huanza siku ya kubomoa. Zege la nguzo, msingi na linta liwekwe rundo lake, tofali za ukuta ziwekwe rundo lake, na dari iondolewe kabla ya ukuta kuguswa.

Mwisho, picha haioni nguvu. Haioni vitundu vilivyo ndani ya mota, wala chumvi, wala ufa uliojificha. Kwa hayo kuna ndoo ya maji na mashine ya kubana.

NDOO YA MAJI NA MASHINE YA KUBANA

Kipimo cha ndoo ni rahisi. Kausha sampuli kabisa na uipime, kwa mfano gramu 2,000. Iloweke kwa saa 24. Itoe, ifute maji ya nje kwa kitambaa, uipime tena. Ikiwa sasa ni gramu 2,120, imekunywa gramu 120, yaani asilimia 6. Kokoto safi za graniti kwa kawaida hunywa chini ya asilimia 2.

Japani, ambayo ilitoa viwango vyake kati ya mwaka 2005 na 2007, huzigawa kokoto za zege la zamani katika madaraja matatu kwa kipimo hiki hiki cha maji pamoja na vipimo vingine. Daraja la juu halizidi asilimia 3, la kati halizidi 5, na la chini halizidi 7. Daraja la juu linaweza kutumika kama kokoto za kawaida. Daraja la chini hutumika kwa kazi nyepesi, kama zege la kujazia na la kusawazisha. Sampuli yetu ya asilimia 6 ingeangukia daraja la chini, hata kama picha ilisema ni safi. Ndiyo maana vipimo viwili ni bora kuliko kimoja.

Mashine ya kubana iko maabara. Fyatua tofali za majaribio kwa mchanganyiko ule ule utakaotumika, zitunze kwa maji siku 28, kisha zipelekwe kupimwa. Mradi usiokuwa na muda wa kusubiri siku 28 usitumie kifusi katika kitu chochote kinachobeba mzigo.

USHAURI WETU KWA KAMATI

Kwa sasa tunashauri hivi:

1. Kokoto za kifusi kilichochambuliwa zitumike kujaza chini ya sakafu, kutengeneza njia za kutembea, na kusawazisha chini ya msingi.

2. Tofali za uzio na za kuta zisizobeba mzigo zinaweza kufyatuliwa kwa kifusi, baada ya kipimo cha ndoo na cha kubana. Kokoto zilowekwe kwanza, zitumike zikiwa na unyevu, ili zisinywe maji ya saruji.

3. Zisitumike kwenye nguzo, mihimili, linta, slabu, tangi la maji wala mfuniko wa shimo la choo. Kanuni za Ulaya huruhusu kiasi, mpaka asilimia 30 ya kokoto kwa baadhi ya zege lenye nondo, lakini kwa usimamizi wa maabara ambao sharika zetu nyingi hazina. Mhandisi aliyesajiliwa pekee ndiye anayeweza kuruhusu vinginevyo, kwa maandishi.

4. Paa au dari ya zamani ya asbesto isivunjwe wala kupondwa, na vipande vyake visiingie kwenye rundo. Vumbi lake huleta saratani. Kamati ikiwa na shaka isimamishe kazi na kuomba ushauri wa idara ya mazingira ya halmashauri.

5. Kifusi kinyunyiziwe maji kabla ya kupondwa. Wapondaji wapewe miwani, barakoa na glavu. Watoto wasihusishwe katika kazi hii, hata wakati wa likizo.

6. Picha za sampuli zenye rula, pamoja na hesabu zake na matokeo ya ndoo na maabara, ziwekwe kwenye faili la mradi na nakala iambatane na taarifa kwa mfadhili.

Kuhusu jambo hili la sita tungependa kuongeza neno kwa marafiki wanaotuchangia. Kwa miaka mingi taarifa za ujenzi zimekuwa na picha za msingi unaochimbwa na za watu waliosimama mbele ya jengo lililokamilika. Picha ya chembe 400 juu ya kitambaa cha bluu haipendezi kuitundika ukutani. Lakini inamwambia mtoaji jambo ambalo zile nyingine haziwezi kumwambia: ni kitu gani hasa kilichoingia ndani ya ukuta alioulipia.

Tunaiomba kila kamati inayotarajia kubomoa mwaka huu ituarifu kabla ya nyundo ya kwanza kupigwa, ili mpango wa kutenganisha marundo uandaliwe mapema. Ofisi ya miradi iko tayari kuwaelekeza wajumbe wawili wa kila kamati namna ya kuchukua sampuli, kupiga picha na kufanya kipimo cha ndoo. Mahitaji si makubwa: koleo, ndoo, mzani, rula, kitambaa, simu yenye kamera, na siku moja ya uvumilivu. Rundo likishatupwa korongoni, hakuna kipimo kitakachoweza kulirudisha.